SAA ZA MASHINE NA SAA ZETU
Somo la kusoma tarehe na saa kwenye orodha ya malipo

Ndugu msomaji, chukua daftari, kalamu, na simu yako kama unayo. Leo tutajifunza kusoma tarehe na saa ambazo mashine huziandika kwenye ujumbe wa simu, kwenye risiti na kwenye orodha za malipo. Kisha tutazigeuza ziwe saa zetu tulizozoea. Hesabu yenyewe si ngumu. Ni kujumlisha na kutoa. Lakini ndani yake mna fedha za watu, kama utakavyoona.

Tuchukue mfano. Kipo kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama wake hulipa marejesho kwa simu, na fedha huingia kwenye namba ya kikundi. Sheria yao inasema hivi: rejesho la mwezi wa tatu lilipwe si zaidi ya tarehe 31 Machi 2025. Atakayechelewa atatoa faini ya shilingi 10,000. Tarehe hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kikao kilipokaa, Katibu akafungua daftari na kusoma namba za waliochelewa. Mama mmoja, mwanachama namba 03, akasimama.

"Ndugu Katibu, mimi sikuchelewa. Nililipa Jumatatu usiku, watoto wameshalala."

"Mama, hapa nimeandika ulilipa usiku wa Jumanne," Katibu akajibu. "Na Jumanne ni tarehe mosi. Faini ipo pale pale."

Sasa wewe sema, nani mkweli hapo? Wote wawili wakweli, na ndiyo maana ugomvi hauishi. Kwa hesabu ya wazee wetu, siku huanza jua linapozama. Magharibi ya Jumatatu ikishaingia, usiku ule huitwa usiku wa Jumanne. Ndivyo Waislamu wanavyosema usiku wa Ijumaa, wakiwa na maana ya Alhamisi baada ya magharibi. Lakini siku hizi watu wengi wakisema usiku wa Jumanne wana maana ya usiku unaofuata mchana wa Jumanne. Maneno ni yale yale, usiku ni mwingine. Redioni hukwepa shida hii kwa kusema "usiku wa kuamkia Jumanne".

Mashine haijui magharibi wala alfajiri. Kwake yeye siku mpya huanza saa sita kamili ya usiku, wakati sisi tumelala.

Basi wale ndugu waache kubishana, wafungue orodha ya malipo. Hii hapa, mistari mitano ya mwisho:

31/03/2025 17:52:10 Na. 07 Sh. 40,000
31/03/2025 18:40:33 Na. 12 Sh. 40,000
31/03/2025 23:47:05 Na. 03 Sh. 40,000
01/04/2025 00:12:41 Na. 15 Sh. 40,000
01/04/2025 06:05:19 Na. 09 Sh. 40,000

KUTENGANISHA

Ukitazama orodha kama hii kwa mara ya kwanza, macho yanachoka. Tarakimu zimejaa kama siafu. Dawa yake ni karatasi. Chukua kipande cha karatasi, funika sehemu ya kulia yote, uache tarehe peke yake. Soma tarehe mpaka mwisho wa orodha. Kisha sogeza karatasi, usome saa. Kisha sogeza tena, usome namba ya mwanachama. Fedha ziwe za mwisho. Watu wengi hukimbilia kusoma fedha kwanza, wakashapata fedha hawatazami tena kitu kingine.

Alama nazo zinakusaidia. Mkwaju huu / hukaa katikati ya tarehe. Nukta mbili hizi : hukaa katikati ya saa. Kwa hiyo 31/03/2025 ni tarehe, na 23:47:05 ni saa. Tarakimu mbili za kwanza za saa ni saa yenyewe, mbili za katikati ni dakika, mbili za mwisho ni sekunde. Kwa mambo ya kikundi sekunde unaweza kuziacha.

Tahadhari moja kuhusu tarehe. Kwetu tunaanza na siku, halafu mwezi, halafu mwaka. Wamarekani wao huanza na mwezi. Kwao 03/04/2025 ni tarehe 4 ya mwezi wa tatu. Kwetu ni tarehe 3 ya mwezi wa nne. Na kompyuta nyingi huanza na mwaka: 2025-04-03. Utajuaje orodha yako imeandikwa kwa mtindo upi? Usitazame mstari mmoja tu. Shuka na orodha mpaka uone tarakimu iliyozidi 12. Hiyo haiwezi kuwa mwezi, maana miezi ni 12. Hapo juu tumeona 31 mwanzoni, basi siku ndiyo inayotangulia. Kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe au pakiti ya mbegu unaweza kukuta 04/27 tu. Mara nyingi huo ni mwezi na mwaka: mwezi wa nne wa 2027.

KUGEUZA SAA

Saa zetu tunahesabu tangu kunapokucha. Huku karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo inatufaa sana. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza tangu kucha. Mashine inahesabu tangu saa sita ya usiku, nayo haikomi 12, inaendelea 13, 14, mpaka 23. Ikimaliza hapo inarudi 00. Kati ya saa zake na zetu tofauti ni sita. Andika haya kwenye daftari lako:

Ukikuta 07 mpaka 18, toa 6. Hizo ni saa za mchana, asubuhi mpaka jioni.
Ukikuta 19 mpaka 23, toa 18. Hizo ni saa za usiku, kabla ya saa sita.
Ukikuta 00 mpaka 06, jumlisha 6. Hizo ni saa za usiku wa manane mpaka alfajiri.

Dakika usiziguse. Zinabaki kama zilivyo.

Tujaribu. Mwanachama namba 07: 17 toa 6 ni 11. Alilipa saa 11:52 jioni, yaani saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Namba 12: 18 toa 6 ni 12. Alilipa saa 12:40, giza linaingia. Namba 03, yule mama: 23 toa 18 ni 5. Alilipa saa 5:47 usiku, na mashine imeandika bado ni tarehe 31. Dakika kumi na tatu kabla tarehe haijageuka! Hakuchelewa. Faini yake ifutwe, na Katibu asione haya, maana hakuandika uongo. Aliandika usiku kwa jina la wazee.

Namba 15: 00 jumlisha 6 ni 6. Alilipa saa 6:12 usiku, na tarehe imeshakuwa mosi Aprili. Namba 09 alilipa saa 12:05 asubuhi, siku hiyo hiyo ya mosi.

MAANA YA AM NA PM

Si kila ujumbe wa simu hufuata hesabu ya 24. Mwingine huhesabu mpaka 12 tu, kisha huweka herufi AM au PM. Herufi hizi zimetoka Kilatini. AM ni kabla ya adhuhuri: tangu saa sita ya usiku mpaka saa sita ya mchana. PM ni baada ya adhuhuri: tangu saa sita ya mchana mpaka saa sita ya usiku.

Ukiona 7 au zaidi, toa 6. Ukiona 6 au pungufu, jumlisha 6. Basi 7:15 PM ni saa 1:15 usiku. 3:30 PM ni saa 9:30 alasiri. 5:00 AM ni saa 11:00 alfajiri.

Panapowachanganya hata waliosoma shule ndefu ni kwenye 12. Saa 12:20 AM si mchana. Ni saa 6:20 ya usiku, dakika ishirini tu baada ya tarehe kugeuka. Na 12:20 PM ni saa 6:20 ya mchana. Lipo pia jambo lingine la kuangalia. Ujumbe mwingine wa Kiswahili huandika "saa 7:42 PM". Neno saa ni letu, lakini hesabu si yetu. Mtu asiyeangalia husema fedha zilitumwa saa saba mchana, kumbe ni saa 1:42 usiku. Ukiona AM au PM, ujue saa hiyo haijageuzwa.

Tena, tofautisha saa iliyo ndani ya maneno ya ujumbe na saa ambayo simu yako inaionyesha pembeni ya ujumbe. Ile ya ndani huandikwa na mashine ya kampuni wakati fedha zinapohama. Ile ya pembeni kwenye simu nyingi ni wakati ujumbe ulipokufikia. Kama simu ilizimika chaji, au ulikuwa bondeni pasipo na mtandao, ujumbe unaweza kuingia kesho yake. Kwenye madai ya fedha tumia saa ya ndani, na uandike pamoja nayo namba ya muamala.

KARATASI YA KIJANA

Turudi kwenye kikao chetu. Mwanachama namba 15 ni kijana, naye hakukubali. Akatoa mfukoni karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta.

"Ndugu Mwenyekiti, na wazee wangu, tazameni. Hata mimi nimelipa tarehe 31. Imeandikwa!"

Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Ilikuwa na mistari hii:

2025-03-31T20:47:05Z 03 40000
2025-03-31T21:12:41Z 15 40000

Kweli, mbele ya namba 15 pameandikwa 31. Je, mashine imedanganya mara moja, au mbili?

Haikudanganya hata mara moja. Tazama herufi mbili zilizowekwa pale. Herufi T imewekwa katikati kutenganisha tarehe na saa tu, haina kazi nyingine. Herufi Z ya mwisho ndiyo yenye siri. Inasema: saa hii ni ya Greenwich, haijageuzwa kuwa saa ya nchi yoyote. Greenwich ni mahali katika jiji la London, Uingereza. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Washington, Marekani, wakakubaliana kwamba mstari wa kuanzia kuhesabu dunia, mashariki na magharibi, upite hapo. Kompyuta zinazotumika na nchi nyingi huweka kumbukumbu zake kwa saa hiyo moja, zisije zikagongana. Badala ya Z unaweza kukuta +00:00 au herufi UTC. Maana ni ile ile.

Sisi tuko mashariki, jua hutufikia mapema kuliko wao. Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo ukiona Z, jumlisha 3 kwanza, ndipo ugeuze kuwa saa za Kiswahili. Ukikuta imeandikwa +03:00, usijumlishe kitu. Hiyo ni saa yetu tayari.

Mstari wa mama: 20 jumlisha 3 ni 23. Inakuwa 23:47:05, tarehe 31. Ni sawasawa na orodha ya kwanza.

Mstari wa kijana: 21 jumlisha 3 ni 24. Sasa, siku haina saa ya 24. Ikifika hapo inakuwa 00 na tarehe inasogea mbele siku moja. Machi ina siku 31, kwa hiyo baada ya tarehe 31 ni mosi Aprili. Inakuwa 01/04/2025, saa 00:12:41. Nayo ni sawasawa na orodha ya kwanza! Hata sekunde 41 zipo. Hizo dakika na sekunde zisizobadilika ndizo zinazokuonyesha kwamba karatasi mbili zinasema habari ya malipo yale yale.

Kijana alichelewa dakika kumi na mbili na sekunde arobaini na moja. Atozwe, asitozwe? Hilo ni la kikao. Mimi naona sheria yenyewe ndiyo yenye upungufu, maana iliandika tarehe bila saa. Kikundi kikitaka kupunguza kelele, kiandike: "Mwisho ni tarehe 31, saa 12:00 jioni." Saa hiyo kila mtu yuko macho, na hakuna wa kuuliza huo ni usiku wa lini.

Kwa wenye safari za mipakani: Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo, Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Risiti iliyochapwa Kigali 10:00 ni wakati ambapo Rusumo upande wa Tanzania saa inasema 11:00, yaani saa tano asubuhi.

MASHINE YENYEWE HUHESABU NINI

Sehemu hii ni kwa wanaopenda hesabu. Wengine mnaweza kuruka mpaka kwenye zoezi.

Ndani ya kompyuta nyingi hamna tarehe wala mwezi. Mna hesabu ya sekunde tu, zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa 00:00 ya Greenwich. Malipo ya yule mama ndani ya mashine ni 1743454025. Ukikuta tarakimu kumi zinazoanza na 17 mahali pa tarehe, usifikiri ni namba ya simu. Siku moja ina sekunde 86,400. Gawanya: unapata siku 20,178, na sekunde 74,825 zinabaki. Zilizobaki gawanya kwa 3,600, maana ndizo sekunde za saa moja: unapata 20, zinabaki 2,825. Gawanya kwa 60: unapata dakika 47, zinabaki sekunde 5. Basi ni 20:47:05, ile ile ya kwenye karatasi ya kijana. Na ukihesabu siku 20,178 baada ya tarehe 1 Januari 1970 unafika 31 Machi 2025. Mimi nilihesabu kwa kalamu, ikanichukua ukurasa mzima.

Mita za umeme wa kulipia kabla, kama za LUKU, nazo zina hesabu yao. Zile tarakimu 20 unazobonyeza zimefichwa ndani yake hesabu ya dakika, ili tarakimu zilizokwisha kutumika zisitumike tena. Kwa mita za zamani dakika hizo zilihesabiwa tangu mwaka 1993. Lakini nafasi ya kuziandika ilikuwa na mwisho: dakika 16,777,216. Ni kama kile kihesabu cha kilometa kwenye gari la zamani, kikijaa tisa kote hurudi sifuri. Gawanya dakika hizo kwa 60, kisha kwa 24, utapata siku 11,650 na saa kadhaa. Zilikuwa zinaishia tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka huo, Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi, watu walitakiwa kubonyeza tarakimu za ziada kwenye mita zao kabla ya tarehe hiyo. Wengine walidhani wanaibiwa umeme. Kumbe mita ilikuwa inapewa mwaka mpya wa kuanzia kuhesabu.

ZOEZI

Fanya kwenye daftari kabla hujatazama majibu.

1. Risiti imeandikwa 14/02/2025 13:05. Ni saa ngapi kwa saa zetu?
2. Ujumbe unasema fedha zimepokelewa 6:30 PM. Ni saa ngapi?
3. Mwenzako anasema alikutumia fedha mchana wa tarehe 8 Mei 2025. Ujumbe unasema 8/5/25, 12:10 AM. Je, anasema kweli?
4. Orodha ina mstari huu: 2025-06-30T22:20:00Z. Kwetu Tanzania ilikuwa tarehe ngapi, saa ngapi?
5. Risiti ya Kigali imechapwa 09:30. Kwa saa za Kiswahili za upande wa Tanzania ilikuwa saa ngapi?

Majibu:

1. 13 toa 6 ni 7. Saa 7:05 mchana.
2. 6 jumlisha 6 ni 12. Saa 12:30 jioni.
3. Hapana. 12:10 AM ni saa 6:10 usiku, ule usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 8.
4. 22 jumlisha 3 ni 25. Toa 24, inabaki 1, na tarehe inasogea. Juni ina siku 30, kwa hiyo ni 1 Julai 2025, 01:20. Jumlisha 6: saa 7:20 usiku.
5. 09:30 jumlisha saa moja ni 10:30. Toa 6: saa 4:30 asubuhi.